Kukinga Mvua: Vidokezo vya Kukaa Uweponi mwa Mungu, Kutoka Kwai

Masika yakishika hapa Kwai, Lushoto, mvua haina upendeleo. Usiku mmoja inapiga shamba lenye matuta na lisilo na matuta. Tofauti unaiona asubuhi: huku udongo umeshiba na karoti zimenyooka, kule rutuba imeteremka na korongo usiku kucha, mwenye shamba kaachiwa mawe.

Nimelitazama jambo hili miaka mingi, na siku hizi siwezi kuzungumzia uwepo wa Mungu bila kuliwaza. Hakuna maombi, mfungo wala mkesha unaomleta Mungu mahali ambapo hakuwepo. Yupo, na neema yake inashuka kila siku. Ila maisha mengine yana mahali pa kuikinga, na mengine ni mteremko mtupu.

Vidokezo hivi ni matuta. Baadhi nimeyachimba mwenyewe, mengine nimeyaona kwa watu wa milima hii ya Usambara, na machache yametoka mbali yakaota vizuri katika udongo wetu.

1. Chimba tuta moja kwanza

Kuanzia mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilileta mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, kisha ikautandaza sehemu nyingine za Usambara. Watu waliamriwa kuchimba matuta. Asiyechimba alitozwa faini. Walichimba kwa uchungu, na mpango ulipovunjika mwishoni mwa miaka ya 1950, wengi waliyaacha yabomoke. Miaka ya 1980 jambo lilelile lilirudi kwa njia nyingine: wataalamu wakakaa na wakulima, yakapandwa majani ya guatemala ukingoni, ng'ombe wakapata chakula, na watu wakaona faida kwa macho yao. Leo ukisimama juu ya bonde utaona ngazi za kijani ambazo hakuna polisi aliyezisimamia.

Mkristo naye hujilazimisha hivyohivyo. Anatoka kwenye semina Jumapili na ratiba nzito: kuamka saa tisa usiku, sura kumi kwa siku, mfungo wa siku arobaini. Wiki ya pili amechoka, ya tatu anaona aibu, ya nne anamkwepa hata mchungaji njiani. Chagua tuta moja. Dakika tano, mahali palepale, saa ileile. Usiongeze kitu mpaka ufike wakati ambapo siku ukiikosa, wewe mwenyewe unasikia kwamba umekosa.

2. Mpe Mungu neno la kwanza, kabla ya simu

Hapa kwetu alfajiri ina sauti zake. Adhana inatoka msikitini, majogoo wanajibizana, mlango wa jirani unafunguka. Nawashukuru majirani zangu Waislamu kwa jambo hili: miaka yote wamenionyesha kwamba mtu anaweza kuacha blanketi kwenye baridi ya Julai kwa sababu ya Mungu tu.

Lakini mkono nao una tabia yake. Kabla macho hayajafunguka vizuri umeshaifuata simu: bei ya kabichi mjini, msiba wa nani, nani kamjibu nani kwenye kikundi. Iache chumba kingine. Kaa kwenye kigoda, usianze na orodha ya mahitaji. Fanya kama mtoto Samweli pale hekaluni, sema tu kwamba upo na unasikiliza. Halafu nyamaza kidogo. Ukimya huo ni mgeni siku za mwanzo, baadaye utauhamu.

3. Tafuta Betheli yako ya jana

Mwaka 1891 wamisionari Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifungua kituo Mlalo. Shirika lililowatuma lilihamishia makao yake Bethel, karibu na Bielefeld huko Ujerumani, mwaka 1906, na kwa jina hilo la Bethel ndilo linalokumbukwa katika historia ya Kanisa la Kilutheri huku milimani. Ni jina la kutafakari. Betheli ya kwenye Biblia haikuwa kanisa. Ilikuwa porini, usiku, na aliyelala pale ni Yakobo, kijana aliyemdhulumu kaka yake na sasa anatoroka, jiwe ndiyo mto wake. Hakuwa kwenye ibada wala hakuwa ametubu. Alipoamka ndipo akatambua kwamba Bwana alikuwapo mahali pale na yeye hakujua.

Napenda sana kwamba alijua baadaye. Wengi wetu tunajihukumu kwa kuwa hatukuhisi kitu wakati wa tukio lenyewe: kwenye ibada hatukutetemeka, kwenye maombi hatukulia. Yakobo naye hakujua kwa wakati ule.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua daftari la shule, lile la bei ndogo. Kila jioni andika mahali pamoja katika siku yako ambapo Mungu alikuwapo na wewe hukujua. Mstari mmoja unatosha. Yangu ya majuzi yanasomeka hivi: "Jirani alirudisha jembe bila kukumbushwa." "Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo kumtukana dereva, mtoto akaniita." "Ng'ombe amezaa salama usiku wa mvua." Baada ya mwezi soma tangu mwanzo. Utaona kuna mtu aliyekuwa akitembea nawe siku zote hizo, na una ushahidi kwa mwandiko wako mwenyewe.

Siku nyingine hutaona kitu. Andika tarehe, acha mstari wazi. Mara nyingi nimerudi kuujaza wiki mbili baadaye.

4. Jiko lako ni madhabahu, hata kama lina moshi

Makande hayana haraka. Unayaweka juu ya mafiga asubuhi, unachochea kuni, unaongeza maji, unachochea tena. Saa nyingi za mama wa Kishambaa zimepita hapo, na wengi huziona kama saa zilizoibwa kutoka kwenye maombi.

Karne ya 17 huko Paris aliishi bradha mmoja wa shirika la Wakarmeli aitwaye Lawrence. Aliwahi kuwa askari, akaumia mguu, akaingia utawani na akapewa kazi ya jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda. Alikaa humo miaka mingi. Akajizoeza jambo moja tu: kuzungumza na Mungu katikati ya sufuria, kwa maneno ya kawaida, na kufanya kila kitu kidogo kwa kumpenda. Alifika mahali ambapo saa ya sala na saa ya kazi hazikuwa na tofauti kwake. Alifariki mwaka 1691, na mazungumzo na barua zake zikakusanywa katika kitabu kidogo ambacho Wakatoliki na Waprotestanti wanakisoma hadi leo.

Hakuwa mwanateolojia. Alikuwa mpishi. Basi ukichochea moto, mwambie Mungu jina la mmoja atakayekula. Ukipepeta maharage, mshukuru kwa aliyeyapalilia. Ukisahau kwa saa nzima, rudi bila kujilaumu. Ndivyo Lawrence naye alivyofanya, alirudi tu.

Na akina baba, hili halijaandikwa kwa wake zenu peke yao. Aliyekuwa jikoni kule Paris alikuwa mwanamume.

5. Angalia gunia lako

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona ndipo wengi wetu tunapopoteza mvua yote.

Lumbesa tunailalamikia sote, na tuna haki. Mnunuzi anakuja na gunia lenye kilemba, linajazwa mpaka linashonwa juu ya kipimo, naye analipa bei ya gunia moja. Huo ni wizi, na manabii wa Agano la Kale walikemea vipimo vya uongo kwa ukali uleule waliokemea sanamu. Lakini tukimaliza kumlaumu mnunuzi tufungue na gunia tulilofunga sisi. Viazi vikubwa juu, vidogo na vilivyokatwa na jembe katikati. Nyanya tulizozipiga dawa juzi zinavunwa leo, ingawa karatasi ya kopo inasema subiri, kwa sababu Fuso inaondoka jioni na bei imepanda. Kesho kutwa mama ntilie wa Dar es Salaam anazikatakata kwenye kachumbari, na mtoto wake anaonja kwanza.

Mtu anaweza kuomba kwa machozi Jumapili na kuvuna nyanya hizo Jumatatu. Nimewahi kufanya hivyo. Kilichofuata ni kwamba maombi yangu yalikauka, nikadhani Mungu amekwenda mbali, nikatafuta mtumishi wa kuniombea. Tatizo lilikuwa shambani. Siku niliyoanza kuhesabu siku za dawa na kuacha mzigo usubiri, nilipoteza fedha msimu ule. Lakini nilipopiga magoti usiku sikuwa na kitu cha kumficha Mungu, na ukaribu ule sikuwa nimeuonja kwa miaka.

Fanya jaribio: kabla ya kushona gunia, tamka "Bwana, tazama." Usiseme kingine. Kama mkono wako unasita kuvuta uzi, fungua gunia.

6. Imba kwenye mteremko

Kwai ni kupanda na kushuka. Jifunze nyimbo tatu kwa moyo kutoka kitabu chenu, iwe Tumwabudu Mungu Wetu au kingine, na uziimbe ukipanda. Kifua kikibana, imba polepole. Wazee wetu walijua theolojia yao kwa njia hii, wengi bila kusoma herufi.

7. Weka kituo katikati ya siku

Wabenedikto wenye shamba lao la Sakharani kule Soni wana desturi ya karne nyingi: sala na kazi vinapokezana, na kengele ikilia mtu anaacha alichoshika. Sisi hatuna kengele shambani, ila tuna jua. Likisimama utosini, jembe chini, kofia mkononi, dakika moja. Nimewaona vibarua wangu wakianza kuifuata dakika hiyo bila mimi kusema lolote.

8. Usiende mbali kumtafuta aliye karibu

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Kikombe kiliuzwa shilingi 500. Foleni za magari zilikuwa ndefu ajabu, na wapo waliofia njiani wakiwa wamewaacha madaktari wao. Siwahukumu waliokwenda. Mtu mwenye mgonjwa ndani atapanda mlima wowote.

Kinachonihuzunisha ni fundisho lililobaki mioyoni: kwamba Mungu yuko mwisho wa foleni, kwa mtu fulani, katika kijiji fulani, ndani ya chupa fulani ya mafuta. Kila mwaka unakuja mkutano mpya na chupa mpya, na bei zake si shilingi 500. Ukiona mahubiri yanakuacha ukiamini kwamba bila mhubiri huyo humfikii Mungu, rudi nyumbani na nauli yako. Eliya alimsubiri Mungu kwenye upepo, tetemeko na moto, na sauti ikaja katika utulivu baada ya yote hayo kupita.

9. Wapate watu wawili wa kukujua

Johanssen yuleyule wa Mlalo alikwenda Rwanda mwaka 1907 kuanzisha kazi ya misheni huko. Miaka ya 1930 Rwanda nayo ilitoa zawadi: kutoka kituo cha Waanglikana cha Gahini uliwaka Uamsho, ukaenea Uganda, ukaingia Bukoba kwa Walutheri, Kenya, na sehemu kubwa ya nchi yetu. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, alikuwa mtoto wa Uamsho huo. Wimbo wa Uamsho wa Kiganda, Tukutendereza, mpaka leo ukianzishwa kwenye kusanyiko unasikia watu wakisimama.

Ndugu wa Uamsho walikuwa na neno lao, kutembea nuruni. Maana yake ni kwamba hawakuficha. Walikutana vikundi vidogo, mtu akasema dhambi yake kwa jina lake, akarudisha alichoiba, akaenda kwa aliyemkosea. Wenyeji na wamisionari walitubu mmoja kwa mwenzake, jambo lisilokuwa dogo enzi za ukoloni. Walisema furaha ya kuwa na Mungu ilitoka hapo.

Leo nisingekushauri uyamwage yote mbele ya umati. Umati una masikio mengi na midomo mingi zaidi, na nimeona mtu akiungama kanisani Jumapili, Jumatano habari yake iko sokoni. Tafuta wawili. Wawe wa jinsia yako, wasiokuogopa, wasiohitaji fedha zako. Mkutane mara moja kwa wiki mbili, chai ikiwepo ni vizuri. Swali liwe moja: tangu tulipoachana, wapi ulimficha Mungu uso? Jibu kwa ukweli, muombeane, kila mtu aende kwake. Kama una jumuiya ndogondogo au ibada za nyumba kwa nyumba, watu hao pengine tayari unakaa nao benchi moja.

10. Ukungu ukishuka, palilia mstari ulio mbele yako

Kuna Julai ya roho. Unaomba, maneno yanarudi. Unasoma, herufi ni herufi. Usikimbilie kujiuliza umetenda dhambi gani. Kama ipo, kidokezo cha 5 kimeshakugusa. Kama haipo, basi ni msimu.

Asubuhi za kipupwe huku kwetu ukungu hutoka msitu wa Magamba ukafunika kila kitu. Huoni bonde, huoni nyumba ya jirani, unaona kabichi nne au tano. Mkulima hamwulizi mtu kama bonde bado lipo. Anapalilia hizo tano, kisha zinaonekana nyingine tano. Endelea na tuta lako moja, dakika zilezile tano, bila kudai hisia.

Angalia pia miplamu. Mwezi wa saba imesimama uchi, mgeni kutoka pwani akiiona anafikiri imekufa. Yule bradha wa jikoni, Lawrence, aliamka kiroho kwa kuona mti kama huo. Alikuwa kijana wa miaka 18, wakati wa baridi, akautazama mti usio na jani hata moja, akawaza kwamba majani yatarudi, na maua, na matunda. Na wazo hilo la uangalizi wa Mungu halikumtoka tena maisha yake yote. Huko Ulaya kila mtu huona miti ya namna hiyo. Hapa Tanzania sisi wa Lushoto ni miongoni mwa wachache waliopewa mahubiri hayo kwenye ua wa nyumba.

11. Nenda kwa mgonjwa, na uombe akuombee

Milima hii ina historia ndefu ya watu waliotafuta uso wa Kristo kwa wale ambao jamii imewaficha. Lutindi, upande wa Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, kazi inayoendelea mpaka leo. Irente, karibu na mji wa Lushoto, kuna makao ya watoto wachanga waliofiwa na mama zao, na kuna shule ya wasioona. Hizi ni sehemu za kutembelea ukisikia imani yako imekuwa maneno tu.

Lakini si lazima uende Irente. Katika kitongoji chako kuna mtu hajatoka ndani miezi mitatu. Mpelekee unga au sabuni. Usifike na Biblia wazi mkononi kama mkaguzi. Kaa. Uliza habari za mguu, za watoto walioko Tanga, za mvua. Acha amalize hadithi aliyokusimulia mara iliyopita. Na ukitaka kuondoka, badala ya kumwombea wewe, mwombe yeye akuombee.

Nilifanya hivyo kwa mara ya kwanza kwa bibi wa jirani ambaye macho yake yameshazimika. Alishangaa. Alisema miaka yote wageni wanakuja kumwombea, hakuna aliyewahi kumwomba yeye. Akaupapasa mkono wangu mpaka akaushika, akaanza kwa Kishambaa, polepole. Akawataja wanangu wote wanne kwa majina, na yule aliyefariki. Akataja ng'ombe. Akataja shamba la bondeni, ambalo hajaliona kwa miaka saba, na mtaro wake unaovuja upande wa kushoto. Nje mvua ilikuwa imeanza. Nilikaa pale mpaka ikakatika.